Kuvitengea Vifaa Mahiri vya Nyumbani Anwani za Mtandao Zisizobadilika

Umeme unapokatika usiku na kurudi alfajiri, nyumba yenye kamera za usalama, swichi za Wi-Fi na inveta ya sola inaweza kuamka na hitilafu isiyoonekana kwa macho. Taa zinawaka, simu zinaingia mtandaoni kama kawaida, televisheni inafunguka, lakini NVR, yaani mashine inayorekodi picha za kamera, inaonyesha weusi mahali palipokuwa na kamera ya geti, na programu inayosimamia pampu ya maji inaarifu kwamba swichi ya pampu haipatikani. Fundi akiitwa hukuta kamera ni nzima, waya ni mzima na swichi inapokea Wi-Fi vizuri. Kilichobadilika ni anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa ndani ya mtandao: kamera iliyokuwa kwenye 192.168.1.103 sasa iko kwenye 192.168.1.107, na NVR bado inaitafuta kule ilikokuwa zamani.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzuia hali hiyo kwa kukitengea kila kifaa muhimu anwani yake. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye ruta ya kawaida ya nyumbani, iwe imeletwa na kampuni ya intaneti au imenunuliwa dukani, ambaye anaweza kufungua kivinjari na kufuata maelekezo kwa utulivu hata kama hajasomea mitandao. Msimamo wangu tangu mwanzo ni kwamba anwani ziandikwe mahali pamoja tu, ndani ya ruta, na si ndani ya kila kifaa, isipokuwa pale ambapo ruta yenyewe inakataa.

Kwa nini anwani hubadilika

Kifaa kinapojiunga na mtandao wa nyumbani huwa hakina anwani. Hutuma ombi kwa kila aliyemo kwenye mtandao kikiuliza nani anagawa anwani, na ruta hujibu kwa kukipa mojawapo ya zilizo wazi. Utaratibu huo huitwa DHCP, na kanuni zake zinazotumika hadi leo kwa anwani za IPv4, yaani zile za namba nne kama 192.168.1.103, zilichapishwa mwaka 1997. Anwani haitolewi iwe mali ya kifaa. Hutolewa kwa muda, kama chumba cha gesti kinavyotolewa kwa usiku mmoja, na mgeni anayetaka kuendelea kukaa lazima aombe kuongezewa muda kabla haujaisha. Kifaa huanza kuomba nusu ya muda inapopita, ruta hukubali, na hivyo anwani inaweza kubaki ile ile kwa wiki au miezi bila mtu yeyote kuiwazia.

Mambo huharibika ruta inapozimika. Ruta nyingi za nyumbani huweka orodha ya anwani zilizogawiwa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, na vifaa vidogo kama swichi na balbu, ambavyo vingi vimejengwa kwa chipu za ESP8266 na ESP32 za kampuni ya Espressif, mara nyingi havikumbuki anwani vilizokuwa nazo. Umeme ukirudi, ruta inaanza na daftari tupu na vifaa vyote vinaomba kwa pamoja. Kinachowahi ndicho kinachochagua mwanzo. Ziko ruta zinazotumia programu ya dnsmasq, ambayo hukokotoa anwani kutokana na utambulisho wa kifaa chenyewe, na hizo huelekea kurudisha anwani ile ile hata baada ya kuzimika. Hiyo ndiyo sababu jirani yako anaweza kuwa na kamera kama zako, akakatikiwa umeme mara nyingi kama wewe, na asione shida yoyote. Hata hivyo, kuelekea si kuahidi, na kamera ya ulinzi haifai kutegemea bahati.

Vifaa vipi vinahitaji anwani ya kudumu

Si kila kitu. Kipimo ni swali moja: je, kuna kifaa kingine au programu ndani ya nyumba inayokitafuta kifaa hiki kwa anwani yake ya IP? Kamera zinazorekodiwa na NVR ziko katika kundi hilo, na NVR yenyewe pia, kwa kuwa utataka kuifungua kwenye kompyuta bila kuitafuta. Kompyuta ndogo inayoendesha programu huria ya Home Assistant, inayoongoza vifaa vya nyumba kutoka mahali pamoja, ni ya kwanza kabisa, kwa sababu vifaa vingine vyote vinaielekea. Inveta inayosomwa kwa njia ya Modbus (lugha ambayo vifaa vya umeme hupeana vipimo) kupitia mtandao, swichi za Shelly au zile zilizowekewa programu huria ya Tasmota, printa ya Wi-Fi, na kifaa chochote cha pili cha kusambaza Wi-Fi, vyote vinastahili.

Simu, kompyuta za mkononi na vifaa vya wageni viachwe vipokee anwani yoyote. Vivyo hivyo balbu na plagi zinazoendeshwa tu kwa programu ya simu inayopitia seva za mtengenezaji, kwa kuwa seva hizo hazijali kifaa kina anwani gani ndani ya nyumba. Balbu na vitambuzi vya Zigbee, ambavyo huwasiliana kwa redio yao bila Wi-Fi, havina anwani ya IP kabisa; kinachohitaji anwani ni kitovu chao, kwa mfano Bridge ya Philips Hue, ambacho ndicho kilichounganishwa na ruta. Vifaa vya Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa mahiri kilichotolewa rasmi mwaka 2022, hutumia IPv6, aina mpya ya anwani, na hutafutana vyenyewe kwa majina, kwa hiyo navyo havikuhusu katika kazi hii.

Hatua ya kwanza: hakikisha ruta inayogawa anwani ni moja

Naanza hapa kwa makusudi, kwa kuwa nyumba nyingi zina ruta mbili bila mwenyewe kujua kwamba hilo ni tatizo. Kampuni ya intaneti imeleta ruta ya faiba sebuleni, mawimbi hayafiki vyumba vya nyuma, mwenye nyumba amenunua ruta nyingine na kuiunganisha kwa waya. Ruta hiyo ya pili, isipobadilishwa chochote, huanzisha mtandao wake ndani ya mtandao wa kwanza na kugawa anwani zake yenyewe. Kamera iliyoko kwenye ruta ya pili na NVR iliyoko kwenye ruta ya kwanza zinakuwa katika mitandao miwili tofauti, na hakuna kiasi cha kutenga anwani kitakachozikutanisha vizuri.

Ili kujua hali yako, unganisha simu na Wi-Fi ya sebuleni, fungua maelezo ya mtandao huo katika mipangilio ya simu, na uandike anwani ya simu pamoja na anwani ya lango, yaani anwani ya ruta yenyewe. Kisha nenda vyumba vya nyuma, hakikisha simu imehamia kwenye Wi-Fi ya huko, na uangalie tena. Kwenye kompyuta ya Windows utapata habari hizo hizo kwa kufungua dirisha la amri na kuandika ipconfig. Lango likiwa lile lile pande zote mbili, mtandao ni mmoja na unaweza kuendelea. Likiwa tofauti, kwa mfano 192.168.1.1 sebuleni na 192.168.0.1 nyuma, ingia kwenye ruta ya pili na uibadilishe ifanye kazi ya kusambaza Wi-Fi tu. Ruta nyingi mpya zina chaguo hilo kwa jina la "Access Point". Isipokuwa nalo, ipe ruta ya pili anwani iliyo ndani ya mtandao wa kwanza na isiyotumiwa na mwingine, kwa mfano 192.168.1.2, zima DHCP yake, kisha hamisha waya unaotoka sebuleni kutoka tundu la WAN (la upande wa intaneti) kwenda mojawapo ya matundu ya LAN (ya upande wa ndani). Mpangilio huo hufuatwa hivyo hivyo kwa mfuatano: anwani kwanza, DHCP baadaye, waya mwisho, la sivyo utajifungia nje ya ruta hiyo.

Anwani ya lango uliyoipata ndiyo utakayoiandika kwenye kivinjari ili kufungua mipangilio ya ruta. Ruta nyingi za TP-Link hutumia 192.168.0.1, ruta za faiba za Huawei mara nyingi 192.168.100.1, ruta za 4G za Huawei 192.168.8.1, na MikroTik 192.168.88.1, lakini amini kile ulichosoma kwenye simu kuliko orodha yoyote. Jina la mtumiaji na nenosiri la kiwandani huwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Likiwa bado ndilo linalotumika, libadilishe leo hii kabla ya jambo jingine lolote.

Hatua ya pili: kusanya anwani za MAC

Ruta hutambua kifaa kwa anwani ya MAC, ambayo ni namba ya kiwandani ya kadi yake ya mtandao. Ina tarakimu 12 zinazoandikwa kwa jozi, kwa mfano B8:27:EB ikifuatwa na jozi nyingine tatu. Jozi tatu za kwanza hutolewa na taasisi ya IEEE kwa mtengenezaji: B8:27:EB ni ya Raspberry Pi, na 24:0A:C4 ni ya Espressif. Kwa hiyo hata kifaa kisicho na jina kwenye orodha ya ruta kinaweza kukuambia kiasi fulani cha asili yake.

Utaipata anwani hiyo kwenye kibandiko cha kifaa, kwenye ukurasa wa maelezo ya kifaa katika programu yake ya simu, au kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa ndani ya ruta. Unapoinakili kutoka kwenye kibandiko chenye maandishi madogo, kumbuka kwamba tarakimu zake ni 0 hadi 9 na herufi A hadi F peke yake. Duara lolote unaloliona ni sifuri, kamwe si herufi O, na jozi zinazochanganya macho kwa kweli ni 8 na B, na 0 na D. Nukta mbili au kistari kati ya jozi havibadilishi maana, ila ruta nyingine hukubali namna moja tu.

Ugumu wa hatua hii uko kwenye swichi na plagi zinazofanana, ambazo kwenye orodha ya ruta hujitokeza kama ESP zikifuatwa na tarakimu chache. Usikisie. Zima kimoja, subiri dakika chache, fungua upya orodha na uone kipi kimetoweka. Kama ruta yako inachelewa kuondoa vifaa vilivyozimwa, tumia programu ya simu ya kuchunguza mtandao kama Fing, ambayo huuliza upya kila unapoiamuru. Kazi hiyo inachosha kama swichi ni nyingi, lakini swichi ya pampu ikibadilishana anwani na swichi ya taa ya veranda, maji yatafurika kwenye tangi mtu akidhani anawasha taa.

Angalia mambo matatu yanayopotosha wengi. Kifaa chenye waya na Wi-Fi kwa pamoja, kama televisheni, Raspberry Pi na baadhi ya kamera, kina anwani mbili za MAC, na unayohitaji ni ya njia inayotumika kweli. Pili, vifaa vingine vya kupanua mawimbi ya Wi-Fi huweka MAC yao badala ya ile ya kifaa kilicho nyuma yao, kwa hiyo ruta huona vifaa vingi vikiwa na utambulisho usio wao. Kamera iliyo nyuma ya kifaa cha namna hiyo ni afadhali ivutiwe waya. Tatu, simu za Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hutumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao ili kulinda faragha ya mwenye simu. Unaitambua kwa tarakimu ya pili, ambayo huwa 2, 6, A au E. Kama una tableti ya zamani iliyobandikwa ukutani kuongozea nyumba, zima kwanza kipengele hicho kwa mtandao wa nyumbani tu, ndipo uichukue MAC yake.

Hatua ya tatu: chora mpango kabla ya kugusa ruta

Chukua karatasi. Ruta yenye anwani 192.168.1.1 na sabineti maski (namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao wa ndani) 255.255.255.0 ina nafasi za anwani 254, kuanzia 192.168.1.1 hadi 192.168.1.254, namba 0 na 255 mwishoni zina kazi nyingine na hazigawiwi. Namba tatu za kwanza hazibadiliki, unapanga ile ya mwisho tu. Zigawe kwa mafungu yanayokumbukika. Mpango ninaoupendekeza kwa nyumba ya kawaida ni 1 hadi 9 kwa ruta na visambaza Wi-Fi, 10 hadi 19 kwa NVR, Home Assistant na printa, 20 hadi 39 kwa kamera, 40 hadi 59 kwa swichi na plagi, 70 hadi 79 kwa inveta na vipimo vya umeme, kisha 100 hadi 199 iwe safu ambayo ruta inagawa yenyewe kwa simu, wageni na kila kisichotengewa. Acha nafasi ndani ya kila fungu, kwa sababu kamera huongezeka.

Katika mpango huo nimeiacha 64 wazi. Kamera za Hikvision zimekuwa zikitoka kiwandani na anwani 192.168.1.64, na za Dahua na 192.168.1.108. Ukifungua maboksi mawili ya aina moja na kuunganisha kamera zote kwa pamoja, zitagombania anwani moja na hutaona hata moja vizuri. Unganisha moja, ingia ndani yake, iweke nenosiri lako na uiambie ipokee anwani kwa DHCP, ndipo uende kwenye ya pili. Ikiwa mtandao wako si wa 192.168.1, kwa mfano ni wa 192.168.100, kompyuta haitaifikia kamera hiyo kwa kivinjari. Watengenezaji hao wanatoa bure programu za kompyuta za kuzitafuta, SADP kwa Hikvision na ConfigTool kwa Dahua, nazo huiona kamera hata ikiwa kwenye anwani ngeni.

Kamera zilizochomekwa nyuma ya NVR kwenye matundu yake ya PoE, yanayopeleka umeme na data kwa waya mmoja, hazimo katika kazi hii. NVR huzigawia anwani katika mtandao wake wa ndani, ruta haizioni, na unachohitaji kutengea ni NVR peke yake.

Hatua ya nne: andika anwani ndani ya ruta

Fungua mipangilio ya ruta na utafute sehemu ya DHCP, kwa kawaida chini ya LAN au "Network". Anza kwa kuweka safu ya kugawa kuwa 100 hadi 199 na uhifadhi. Kisha tafuta sehemu ya kutenga. Kwenye ruta za TP-Link zenye sura ya kawaida iko chini ya "Advanced", "Network", "DHCP Server", na inaitwa "Address Reservation". Ruta nyingine huiita "Static Lease" au "Static DHCP". Kwenye MikroTik unakwenda IP, DHCP Server, Leases, unachagua kifaa, unabonyeza "Make Static", kisha unakifungua tena na kuandika anwani unayoitaka.

Kwa kila kifaa utaandika MAC, anwani ya IP na, mahali panaporuhusu, maelezo. Yaandike maelezo hayo kwa lugha ambayo mtu mwingine wa nyumbani ataielewa: "Kamera geti", "Swichi pampu", "Inveta". Anza na kifaa kimoja kisicho na madhara kikikosea, kama printa, ukimalize mpaka mwisho, na baada ya hapo ndipo uingie kwenye kamera na pampu.

Ruta nyingine hukataa anwani iliyo nje ya safu yake ya kugawa, na nyingine hukataa iliyo ndani. Ikikataa ya nje, panua safu iwe 2 hadi 199. Ruta inayofanya hivyo huiruka anwani iliyotengwa wakati inagawa nyingine, kwa hiyo hakuna mgongano. Ziko pia ruta za kampuni za intaneti ambazo akaunti ya mteja haionyeshwi sehemu hii kabisa. Hapo piga simu huduma kwa wateja uombe ufunguliwe sehemu hiyo au utengewe anwani hizo kutoka kwao, na ukishindwa kabisa utatumia njia ya akiba iliyoelezwa mbele.

Hatua ya tano: kifanye kifaa kichukue anwani mpya

Kuandika ndani ya ruta hakumhamishi mtu papo hapo. Kifaa kinaendelea na anwani ya zamani mpaka kitakapoomba tena, na kama muda wa kukopeshwa ni saa 24, ombi lenyewe linaweza kuwa mbali kwa saa 12. Zima kifaa, hesabu nusu dakika, washa. Kwenye Windows, ipconfig /release ikifuatwa na ipconfig /renew inatosha.

Kifaa kikirudi na anwani isiyo uliyokitengea, chunguza kwanza kama ulikosea tarakimu ya MAC, kisha kama kuna kifaa kingine kinachoishikilia anwani hiyo kwa sasa. Kikirudi na anwani inayoanza na 169.254, hakikupata jibu la DHCP kabisa na kimejipa chenyewe anwani ya dharura. Angalia waya, nenosiri la Wi-Fi, na kama DHCP ya ruta imewashwa. Na kama kifaa kinaonekana na kutoweka, kinaonekana na kutoweka, shuku mgongano wa anwani mbili zinazolingana, hasa ikiwa fundi wa zamani aliandika anwani ya mkono ndani ya mojawapo ya kamera bila kuiacha kumbukumbu. Kamera ya namna hiyo ingia ndani yake uirudishe kwenye DHCP.

Hatua ya sita: waarifu wanaokitafuta

Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia, kwa kuwa mtu hufurahi kuona ruta imetii akasahau kwamba NVR bado ina anwani za zamani. Fungua orodha ya kamera kwenye NVR na uandike anwani mpya kwa kila chaneli. Fanya hivyo kwenye Home Assistant kwa kila kifaa ulichokiongeza kwa anwani, kwenye viungo vya RTSP (anwani za video ya moja kwa moja) ulivyoweka kwa ajili ya kuangalia kamera, na kwenye kompyuta zinazotumia printa. Kwa kila kifaa andika ping ikifuatwa na anwani kwenye dirisha la amri, uone majibu yakirudi.

Kisha fanya jaribio lenye uzito. Chagua saa ya mchana ambayo hakuna mtu anayefanya kazi kwa intaneti, zima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu, pamoja na UPS ya ruta kama ipo, subiri kidogo, washa. Ruta huchukua muda mrefu kuamka kuliko swichi nyingi, kwa hiyo vipe vifaa dakika kadhaa. Angalia picha za kamera moja moja, rudisha nyuma rekodi uhakikishe NVR inarekodi tena, washa na uzime pampu. Kama vitu vyote vimerudi mahali pake, umemaliza sehemu kubwa.

Njia ya akiba: anwani ndani ya kifaa chenyewe

Ruta isiyoruhusu kutenga inakulazimu kuandika anwani kwa mkono ndani ya kifaa. Chagua iliyo nje ya safu inayogawiwa, na ujaze sehemu zote nne: anwani, sabineti maski, lango na DNS, yaani anwani ya seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP. Watu huiacha DNS tupu wakiona kamera inaonekana bila hiyo, kumbe kamera isiyoweza kutafuta majina haiwezi kuifikia seva ya saa, na rekodi yenye saa isiyo sahihi haina thamani siku polisi watakapoihitaji. Ubaya mkubwa wa njia hii hujitokeza unapobadilisha ruta: mtandao mpya ukiwa wa 192.168.100, kila kifaa chenye anwani ya mkono ya 192.168.1 kitabaki kisiwani, na kwa swichi ndogo zilizofungwa ndani ya ukuta huenda ukalazimika kuzifungua na kuzirudisha kwenye hali ya kiwandani. Ndiyo sababu naiita ya akiba.

Usichanganye na anwani ya nje

Anwani ulizotenga zinafanya kazi ndani ya nyumba tu. 192.168 ni miongoni mwa anwani binafsi zilizotengwa rasmi mwaka 1996 kwa mitandao ya ndani, na hazionekani kwenye intaneti. Anwani isiyobadilika ambayo kampuni za intaneti huuza ni ile ya upande wa nje, na kwa kazi hii huihitaji. Wala usifungue milango ya ruta ("port forwarding") ili uione kamera ukiwa safarini, hata kama fundi anasema ni rahisi. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi zilizokuwa wazi kwenye intaneti zikiwa na manenosiri ya kiwandani, na mwezi Oktoba ikazitumia kuishambulia kampuni ya Dyn hadi tovuti kubwa za Marekani zikashindwa kufunguka. Kutazama kamera kutoka mbali kufanyike kwa VPN, yaani njia ya siri inayokuunganisha na mtandao wa nyumbani, au kwa huduma ya mtengenezaji yenye nenosiri imara. Faida moja ya kutenga anwani ni kwamba sasa unaweza kuiagiza ruta izuie fungu zima la 20 hadi 39 lisitoke nje kabisa, kamera zikabaki zinaongea na NVR peke yake. Ukifanya hivyo, elekeza saa za kamera kwa NVR, kwa kuwa hazitaweza tena kuiuliza intaneti.

Kumbukumbu, na siku ruta itakapobadilishwa

Nakili jedwali la jina, MAC na anwani kwenye karatasi na uibandike ndani ya kabati la ruta, kisha upakue faili la nakala rudufu la mipangilio, ambalo ruta nyingi hulitoa chini ya "Backup". Fundi wa kampuni ya intaneti akirudisha ruta kwenye hali ya kiwandani, anwani zote ulizotenga zinafutika, na faili hilo ndilo litakalozirudisha kwa dakika chache.

Faili la ruta moja kwa kawaida halikubaliki kwenye ruta ya aina nyingine, kwa hiyo ukihamia kampuni nyingine utaandika upya kutoka kwenye karatasi. Kabla ya kuunganisha kifaa chochote kwenye ruta mpya, ipe jina la Wi-Fi na nenosiri vile vile vya zamani, ukihakikisha masafa ya 2.4 GHz yamewashwa kwa kuwa vifaa vya ESP8266 havitumii mengine, kisha badilisha anwani ya LAN ya ruta mpya ilingane na ya zamani, kwa mfano 192.168.1.1. Andika orodha ya kutenga, hifadhi, ndipo uzime ruta ya zamani. Vifaa vitajiunga vyenyewe na kuchukua anwani zake zile zile, na NVR haitahitaji kuguswa.